Mbegu za bangi "zinazostahimili ukungu": nimezipanda misimu 3 hapa Vancouver

Niseme mapema, mimi naishi Vancouver, Kanada. Huku bangi ni halali tangu Oktoba 17, 2018 na sheria inaruhusu mimea 4 kwa nyumba moja, ila isionekane na mtu anayepita barabarani. Ndugu zangu mlio Kenya na Tanzania huko bado ni kosa la jela, tafadhalini msijaribu, na mimi mbegu zangu hazipandi ndege. Naandikia Waswahili wenzangu wa huku ambao kila mwaka tunaulizana mbona maua yanaoza.

Maana huku kiangazi kinakudanganya bwana, Julai na Agosti jua kali, ardhi kavu, mmea unapendeza mpaka unamwita jirani aje aone, halafu Septemba ikielekea kwisha mvua inashuka na haikatiki, umande asubuhi, ubaridi, na hapo ndio maua yamejaa na kushikana kama ngumi. Ukungu wa kijivu unapenda hali hiyo hiyo.

Mwaka 2023 nilinunua pakiti ya kwanza kwenye duka moja (silitaji), dola 60, imeandikwa kubwa kabisa INASTAHIMILI UKUNGU. Nikapanda 4, zikaoza 3. Nakumbuka asubuhi niliyogundua, kijani kote lakini jani moja dogo katikati ya ua limegeuka njano, nikalivuta likatoka lenyewe bila nguvu, nikapanua ua kwa vidole, ndani kahawia tupu na vumbi la kijivu kama jivu la sigara. Miezi 5 ya kumwagilia, nilikaa chini pale pale kwenye nyasi nikaumia kweli.

Baadaye ndio nikaelewa kitu ambacho pakiti haikusema. Ukungu uko wa aina nyingi! Kuna ule mweupe kama unga unaokaa juu ya majani, na kuna huu wa kijivu unaoozesha ua kutoka ndani. Mmea unaweza kuwa mgumu kwa mmoja na usiwe na lolote kwa mwingine. Majani ya ile mimea yangu yalikuwa safi mpaka mwisho, kumbe muuzaji hakuniongopea moja kwa moja ila alininyima nusu ya habari, na mimi nusu hiyo ndio nilikuwa naitaka. Kwa hiyo pakiti ya kwanza naipa nyota 1.

2024 nikabadilisha, nikachukua mbegu za kawaida, sio zile za majike matupu, ukoo wa Durban wa Afrika Kusini. Durban ni pwani, fukuto lake linafanana na la Mombasa, na ua lake ni refu limeachia achia, upepo unapita ndani, maji hayatuami. Na linaiva mapema. Kwangu hii ndio sifa namba moja, mvua ikukute umeshavuna. Zikatoka jike 2 dume 2. Jike moja lilipoteza tawi moja tu, la pili halikuguswa kabisa na wala sikulifunika turubai, nililiacha linyeshewe makusudi nione. Nikavuna wiki ya mwisho ya Septemba. Ile mvua kubwa ya Oktoba 19, siku ya uchaguzi wa jimbo, watu wanapiga kura wameloa chapachapa, mimi yangu ilikuwa imekauka ndani kitambo.

Sasa utamu. Kabla sijang'oa madume nilikuwa nimekusanya chavua kwenye chupa kavu, nikapaka kwa brashi tawi moja moja kwenye kila jike, nikafunga kamba nyekundu lisinipotee. Mbegu zinataka kama wiki 4 mpaka 6 kukomaa. Za yule jike aliyeoza tawi nikazitupa japo zilikuwa nene nzuri, roho iliniuma, lakini ukianza kuhurumia hapo unarithisha uozo. Dume ndio mtihani, halina ua nene la kushikana la kukuonyesha kama linaoza, unabaki kukagua majani na shina na kungoja watoto wake. Na kwa mimea 4 kwa mwaka kuchagua kunakwenda polepole sana, mwenye shamba la leseni anaangalia mamia.

2025 nikapanda 4 za kwangu mwenyewe, jike 3, na doa la kuoza nililipata kwenye ua moja tu, nalo lilitobolewa na kiwavi. Viwavi msivipuuze, kinyesi chao ndani ya ua ndio mlango wa ukungu.

Pakiti ya pili nyota 4. Nimeikata moja kwa sababu mbegu 2 kati ya 6 nilizoziotesha hazikuchipua kabisa, na pia muuzaji angeandika wazi ni ukungu gani na ua linaiva wiki ya ngapi. Ukienda dukani uliza hayo mawili kabla hujatoa hela, akishindwa kujibu nenda kwingine. Zangu zilizobaki ziko kwenye friji ndani ya chupa na mchele kidogo wa kunyonya unyevu, nazitia kwenye vikombe Aprili.