Sonara wa Tabora aliyeusoma mhuri wa bastola ya babu

Familia yetu ilikuwa na bastola kuukuu ya silinda inayozunguka, iliyoliwa na kutu, ambayo baba yangu alikwisha kuitolea taarifa polisi ili isalimishwe. Kabla ya kuikabidhi tulitamani kujua asili yake. Kwa kuwa silaha haibebwi ovyo mtaani, tulimwomba sonara mmoja mwenye kibanda karibu na soko kuu la Tabora aje nyumbani, naye akaja jioni hiyohiyo akiwa na lenzi yake, mswaki laini na mafuta mepesi ya cherehani.

Ninamsifu kwanza kwa subira yake. Mjomba alishauri bastola isuguliwe kwa msasa ili herufi zionekane upesi, lakini sonara alikataa katakata, akieleza kwamba mhuri uliopigwa juujuu hufutika pamoja na kutu. Alipaka mafuta, akasubiri karibu saa nzima, akapitisha mswaki taratibu, kisha akamulika tochi kwa ubavu badala ya kuielekeza moja kwa moja, na vivuli vikayachora maandishi. Nyuma ya silinda tuliona duara la yai lenye herufi ELG na nyota chini yake, na juu ya duara hilo palikuwa na taji dogo.

Mihuri ya namna hii ilitolewa na nyumba za majaribio ya silaha za Ulaya, ambako mtutu au silinda ilijazwa baruti kupita kiasi cha kawaida na kulipuliwa, na iliyostahimili ndiyo iliyopigwa chapa. ELG ni alama ya Liège, Ubelgiji, na taji liliongezwa juu yake mwaka 1893. Hapo ndipo hadithi ya nyumbani ilipoyumba, kwa sababu tangu utotoni tumeambiwa kwamba bastola hiyo ilikuwa zawadi ya Mtemi Mirambo, ilhali Mirambo alifariki mwaka 1884, miaka tisa kabla ya taji hilo kuanza kutumika. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akaomba aushike mwenyewe ule mwanga ili aone.

Wapo waliorukia kusema kwamba basi ililetwa na majeshi ya Ubelgiji yaliyoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Sonara aliwazuia kwa adabu, na ninaona alikuwa sahihi: mhuri unataja mahali silaha ilipojaribiwa na kipindi chake, hautaji mfanyakazi aliyeiunda wala mkono ulioifikisha Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Silaha za Liège ziliuzwa nchi nyingi, kwa hiyo zilikuwa na njia nyingi za kufika huku.

Kasoro ninayoiona ni kwamba hakutaja malipo mapema. Mwishoni alidai shilingi 20,000, bei ambayo kwangu ni ya haki kwa kazi ya saa mbili, lakini mama alishtuka, na mazungumzo ya pembeni yangeepukika. Pia hakuwa na karatasi ya kunakilia alama, hivyo nilizichora mwenyewe kwa penseli kwenye daftari. Mwenye kumwita amwulize bei kwanza, na aandae daftari. Mchoro wangu baba ameuambatanisha na hati ya kukabidhi silaha.