Mwani wa Chaetomorpha kwa tangi la maji chumvi: unafaa?

Unafaa kusafisha maji ya tangi la samaki, na kwa anayeanza ni vigumu kupata mwani mwingine mvumilivu hivi. Ukiushika ni kama mshipi wa kuvulia uliojisokota: mgumu kidogo, kijani kibichi. Ukiteleza vidoleni au ukinuka, umeshaanza kuoza, usiupokee.

Usuuze kwanza kwenye ndoo ya maji chumvi na uchambue nyuzi zake, maana kaa na konokono wadogo hupenda kujificha humo. Uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi uwe 1.025, joto nyuzi 24 hadi 26, taa iwake saa 10 hadi 12. Haujishikizi popote, hivyo mkondo lazima uwe unaugeuzageuza. Ukilala tu, upande wa chini hukosa mwanga, hunasa uchafu, kisha huoza. Na tafadhali weka wavu mbele ya pampu. Nyuzi zilizokatika huikwamisha.

Wengi huulaumu bure unapofifia. Mara nyingi kosa ni maji masafi kupita kiasi: naitreti, ambayo ni chakula chake, ikifika sifuri, mwani hufa njaa, ukawa mweupe na kukatikakatika. Bakiza naitreti miligramu 5 hadi 10 kwa lita, na fosfeti kidogo. Ukijaa, vuna theluthi, usiutupe baharini.

Kwa urembo, mwani mwingine uitwao Caulerpa unaupita mbali. Lakini Caulerpa ukianza kuzaa huweza kuwa mweupe usiku mmoja, maji yakachafuka, samaki wakakosa hewa. Kwenye tangi la pembeni la kusafishia maji, chukua Chaetomorpha.