TAHADHARI: Ile kulanti (maji ya kupozea injini) ya buluu ya jerikeni hapa Malindi ni maji ya chumvi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika haya nikiwa na hasira ambayo tangu juzi haijanishuka, na aibu yangu sitaificha, kwa sababu wawili kati yenu niliwapeleka kwa yule kijana anayeiuza mimi mwenyewe. Kama mmeshaitia, imwageni leo. Msingoje hata kumaliza kusoma.

Habari za gari mnazijua, na ile hedi ya kwanza, kile kichwa cha injini kilichoharibiwa na maji ya kisima, mnaijua, sitairudia. Baada ya kazi ile niliapa gari la marehemu baba halitakunywa tena maji ya kisima. Basi nikawa natafuta kulanti ya kufaa Peugeot 504 ya 1979. Duka la kwanza wana ya waridi tu. La pili nyekundu. La tatu jamaa akaniambia rangi zote ni mamoja, tia yoyote. Ndipo nikaelekezwa kwa huyu.

Nilifika saa tano asubuhi. Kibanda chake kisafi, spea zimepangwa, na pembeni kuna friza ndogo ambayo nilidhani ni ya soda. Akanisalimia kwa adabu, akalizunguka gari, akaomba nifungue boneti. Akagusa tangi la juu la rejeta kwa kidole, akasema: "Ami, rejeta hii ni ya shaba, imeungwa kwa madini ya risasi. Usije ukaitia ile nyekundu ya magari ya siku hizi. Hii inataka ya kizamani, yenye siliketi ya kukinga kutu."

Wallahi nilimwangalia. Hakuna muuzaji mwingine Malindi aliyewahi kuniambia neno hilo, na neno lenyewe ni la kweli. Kulanti nyingi za kisasa zinakinga kutu kwa asidi za kikaboni, na baadhi yake hazipatani na ile risasi ya kuungia wala na gasketi za zamani. Magari kama yetu yalitengenezwa enzi za kulanti ya siliketi na fosfeti, ile ya kubadilishwa kila baada ya miaka 2. Nilikuwa nimeyasoma hayo wiki nzima usiku. Kumsikia mtu anayatamka bila kuulizwa, moyo ulilainika. Naomba mlijue hilo kabla ya kunilaumu: hakunidanganya kwa upuuzi, alinidanganya kwa ilimu.

Halafu akaniambia, "Ami, mimi siuzi kwa maneno." Akafungua friza, akatoa chupa mbili za plastiki zilizokuwa zimelazwa pamoja. Moja ya maji matupu, imekuwa barafu, imevimba mpaka haiwezi kusimama. Ya pili ya buluu. Akaitikisa mbele ya macho yangu, maji yanacheza ndani kama vile yametoka bombani sasa hivi. Akanikabidhi nishike. Ule ubaridi bado nausikia kiganjani. Kisha akamimina kidogo kikombeni, akafyonza kwa kile kipimo cha mpira chenye mshale, mshale ukapanda mpaka kwenye kijani. "Umeona mwenyewe," akasema. Na kweli, niliona mwenyewe.

Jerikeni ya lita 5 ni shilingi 3,500. Gari langu linachukua karibu lita 8, nikabeba mbili. Nikamwuliza nichanganye na maji gani, akasema imeshachanganywa, nisiongeze kitu. Nikalipa taslimu. Risiti hakunipa, nami sikuomba. Ningeombaje risiti kwa kijana anayeniita ami, aliyenibebea jerikeni mpaka kwenye buti na kuzifunga kamba zisipinduke?

Ile barafu ndiyo iliyonimaliza. Hapa Malindi maji yataganda wapi? Kulanti sisi tunaitia kwa ajili ya kutu, na ili maji yachelewe kuchemka. Kuganda hakutuhusu hata kidogo. Alinionyesha kitu nisichokihitaji, nami nikakipokea kuwa ushahidi wa kile ninachokihitaji. Na maji yakikolea chumvi hayagandi kwenye friza ya nyumbani. Kile kipimo nacho kinapima uzito wa maji tu, na maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo mshale utapanda. Hayo yote nilikuwa nayajua tangu darasani. Siku ile hayakunijia.

Wiki ya saba nilikuwa nampeleka mama mkwe Mokowe apande boti ya Lamu. Tumefika Gongoni, geji ya joto ikaanza kupanda, mara mvuke. Nikaegesha, nikafungua boneti. Kwenye klipu ya mpira wa juu pameota ukoko mweupe wenye kibuluu. Nikaukwaruza kwa ukucha, ukakatika kama chumvi ya mawe. Nimesimama huko huko Gongoni kunakotengenezwa chumvi, ukoko mkononi, mama mkwe ananiuliza kuna nini, na mimi sina jibu la kumpa. Alipanda matatu na mizigo yake yote, mzee wa umri ule, mimi nimebaki na gari barabarani.

Fundi alipofungua alitaka kuonja kwa ulimi, nikamzuia, maana kama ingekuwa kulanti ya kweli ni sumu, tena ina utamu unaodanganya watoto na paka. Akadondoshea matone kwenye kipande cha bati juani. Kufika adhuhuri maji yamekauka, zimebaki chembe ndogo za mraba zinang'aa. Kulanti ya kweli haikauki hivyo, inakaa na utelezi wake siku nyingi.

Hedi ya 504 ni alumini, bloku ni chuma, rejeta ni shaba. Ukipitisha maji ya chumvi katikati ya madini hayo matatu umetengeneza betri, na kinacholiwa kwanza ni alumini. Njia za maji za hedi zimechimbika kama mbao ya mchwa. Rejeta imetoboka vijitundu sita. Hedi imekwenda Mombasa kujazwa na kurandwa, na fundi wa huko hajaniahidi kitu.

Mtu huyu afungwe. Sisemi arudishe 7,000 yangu, nasema afungwe, na kile kibanda kifungwe, na friza yake ichukuliwe iwe ushahidi. Huyu si muuzaji asiyejua. Aliyejua habari ya siliketi na risasi anajua fika chumvi inafanya nini ndani ya injini. Alikaa, akakoroga, akatia rangi, akaweka kwenye friza akitungoja. Nilirudi kwake Jumatatu, akaniambia eti fundi wangu ndiye aliyetia maji ya bahari. Sheria ya bidhaa ghushi ipo tangu 2008, itumike basi, isingoje mpaka tajiri mmoja aungue injini ndipo watu waamke.

Mnaouliza mtaitambuaje: karatasi ya jerikeni haina tarehe wala namba ya alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ingekuwepo, unaituma kwa ujumbe kwenye 20023 unaona ni ya nani. Haina harufu. Ukiisugua kati ya vidole haitelezi. Na anakataa kabisa usichanganye na maji yako. Mengine nikikumbuka nitaongeza.

Ukishaimwaga, suuza kwa maji ya mvua au maji safi ya kuongezea betri (si asidi), zaidi ya mara moja, injini ikiwa imepoa, na fungua pia ile skrubu ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku, kwa sababu ukifungua rejeta peke yake nusu inabaki ndani.

Jerikeni ya pili iko kwangu, nusu, sijaigusa. Alhamisi asubuhi naipeleka kituo cha polisi. Mwenye yake aje nayo, tukiwa wengi watatusikiliza.

Na wewe wa Mambrui, simu yako haipatikani tangu jana. Ukisoma haya usiliwashe gari, nakuja na fundi.