Dodoso la MLQ: linakusaidia kujua bosi gani aachiwe kupanga kazi na mtu mmoja mmoja?

Ofisi za rasilimali watu zikitaka kujua msimamizi gani anaongoza kwa mtindo gani, nyingi hukimbilia MLQ (Multifactor Leadership Questionnaire), dodoso la kupima mitindo ya uongozi la Bernard Bass na Bruce Avolio ambalo leo linauzwa na kampuni ya Mind Garden ya Marekani. Hapa tunalipima kwa kazi moja tu: kujua nani aachiwe madaraka ya kukubaliana na mfanyakazi mmoja mmoja. Mama anayenyonyesha atoke saa tisa, fundi anayesoma jioni aingie alfajiri, mhasibu afanyie kazi nyumbani siku mbili. Denise Rousseau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ndiye aliyeyafanya makubaliano ya namna hii kuwa somo linalojitegemea, na wenye makampuni wengi wanayatoa bila kujua kwamba yana somo lake.

Toleo fupi, 5X, lina maswali 45. Maswali 36 yanahusu mwenendo wa kiongozi, yamegawanywa makundi tisa ya maswali manne manne. Tisa yaliyobaki yanauliza matokeo. Majibu ni 0 hadi 4. Fomu ziko mbili, moja bosi anajijazia mwenyewe na nyingine wanamjazia walio chini yake, sambamba naye au juu yake. Robo saa inatosha kujaza. Fomu ya bosi kujijazia, peke yake, usiipotezee muda: watu hujipa alama nzuri.

Kwa kazi yetu yanakuhusu makundi matatu. La kwanza ni kumjali mtu mmoja mmoja, lililo ndani ya uongozi wa kimageuzi, yaani wa kuwatia watu hamasa na kuwakuza. La pili ni tuzo kwa masharti, upande wa nipe nikupe: je, bosi husema wazi ukifanya hiki utapata kile? La tatu ni uongozi wa kutokuwepo, yaani bosi anayekwepa uamuzi. Kosa tunaloliona zaidi ni kuangalia la kwanza na kuliacha la pili. Bosi mwenye alama za juu za kujali na za chini za masharti ni yule anayemwambia kila mtu "sawa, hamna shida". Ruhusa anatoa, ila hasemi kazi gani iwe imeisha lini, wala ruhusa inakoma lini. Miezi mitatu baadaye kila mmoja anayakumbuka mapatano kwa namna yake.

Kasoro kubwa ya kipimo, kwa matumizi haya, iko kwenye wastani. Chukua wasimamizi wawili, kila mmoja kajaziwa na watu watano kwenye kundi la kujali mtu mmoja mmoja. Wa kwanza kapata 3, 3, 3, 3, 3. Wa pili kapata 4, 4, 4, 2, 1. Wote wawili wastani wao ni 3.0, na ukiishia kwenye wastani utawaona pacha. Lakini huyo wa pili ana watatu anaowasikiliza na wawili wasiopata nafasi, na ukimpa madaraka ya kugawa ratiba, wale watatu ndio watakaopata Ijumaa nyumbani. Kwa hiyo omba alama za kila mjazaji bila majina, uangalie zilivyotawanyika. Wajazaji wakiwa chini ya watatu usimwonyeshe bosi matokeo kabisa. Atawatambua kabla hajamaliza kusoma.

Kasoro nyingine ni ya lugha. Ngazi tano za majibu zimepangwa kwa Kiingereza, na ukizileta kwa Kiswahili haraka haraka, ngazi ya kati inaharibika. "Mara kwa mara" kwa mtu mmoja ni kila wakati, kwa mwingine ni siku moja moja. Ni salama zaidi kuandika: hapana kabisa, mara chache sana, wakati mwingine, mara nyingi, karibu kila mara. Kisha wape watu watano wazipange wenyewe kutoka chini kwenda juu kabla hujagawa fomu. Kumbuka pia kwamba dodoso lina hakimiliki: leseni hununuliwa kwa idadi ya nakala, na tafsiri inahitaji idhini ya muuzaji. Fotokopi ya rafiki haikubaliki.

Halafu kuna jambo ambalo MLQ haikutengenezwa kulijua, nalo ni sheria. Bosi anaweza kupata alama nzuri kila kundi akaja kuahidi kitu kisichoruhusiwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Inaruhusu kubana wiki, mtu afanye hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, ila kwa makubaliano ya maandishi, siku zisizozidi 5 na saa zisizozidi 45. Sasa piga hesabu ya mfanyakazi anayeomba siku nne. Saa 45 kugawa kwa nne ni saa 11 na robo. Hizo 12 zimejumlisha muda wa chakula, na anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Jumla saa 12 na robo: imepita. Ukitoa saa ya chakula zinabaki 11 kwa siku, kwa hiyo siku nne zinabeba saa 44, si 45. Bosi mwema aliyesema "njoo siku nne, ila saa zako zitimie" ameshavuka mstari kwa robo saa kila siku.

Hukumu yetu: ukiwa na wasimamizi kumi na zaidi, kila mmoja na watu watano au zaidi chini yake, gharama inalipa. Duka la wafanyakazi wanane lisinunue. Mazungumzo ya nusu saa na kila mmoja yatakupa yale yale.

Na ukinunua, ambatanisha fomu yako ya ukurasa mmoja kwa kila mapatano: nini kimebadilika, kuanzia lini, kazi gani itapimwa, nani anaziba pengo, tarehe ya kupitia upya, saini mbili. Mapatano yakigusa saa au mahali pa kazi palipoandikwa kwenye mkataba, rekebisha na mkataba wenyewe, kwa maandishi. Mstari wa anayeziba pengo ndio unaoachwa wazi mara nyingi, na ndio unaozaa manung'uniko, maana zamu ya Jumamosi haifutiki. Inamwangukia mwenzake ambaye hakuulizwa. Mstari wa tarehe usiupe zaidi ya miezi sita. Bosi akihamishwa katikati, mrithi wake apewe faili zote siku anayokabidhiwa ofisi, kwa sababu neno la mdomo la bosi aliyeondoka ni vigumu kulithibitisha mbele ya mrithi, na mfanyakazi anaweza kujikuta anahesabiwa mchelewaji kwa ratiba aliyoruhusiwa.