Uzoefu wangu: Svalbard kwa meli ndogo, kule kwenye barafu

Tangu niweke zile picha za safari yetu ya Svalbard, visiwa vya Norway kule kaskazini kabisa mwa dunia, watu hawajaacha kuniuliza, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Sisi ni watu wa Tanga tunaishi Oslo, mume wangu ameililia Svalbard miaka na miaka, safari hii tukajikusuru tukaenda. Mwezi wa saba, meli ndogo ya abiria mia na kidogo, inaondoka Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vile, na inarudi hapohapo. Kampuni siitaji jina ila mazuri na mabaya nitayasema yote.

Nianze na jibu kabisa: hela yangu siijutii, na ni hela nyingi, tusidanganyane. Lakini kama kinachokupeleka ni dubu peke yake, usiende. Nitaeleza.

Cha kwanza kuangalia kabla hujalipa ni ukubwa wa meli. Kuanzia Januari 2025 Norway wamekaza sheria, ndani ya maeneo ya hifadhi ya Svalbard, na hifadhi ndiyo sehemu kubwa ya visiwa vile, meli haitakiwi kubeba abiria zaidi ya 200, na kushuka nchi kavu ni kwenye sehemu 43 tu walizozipanga wao. Mameli yale ya maelfu ya watu hayaingii huko, yanaishia mjini na kwenye sehemu chache za nje ya hifadhi, kwa hiyo ukiona bei ya chini sana uliza: tunashuka wapi, na tunashuka wangapi kwa mara moja? Ukipewa jibu la kuzungukazunguka achana nao.

Siku zenyewe zinakwenda hivi. Jioni mnakaa ukumbini mnaonyeshwa ramani ya barafu na mpango wa kesho, halafu kesho yake mpango unabadilika kwa sababu ya upepo au ukungu au barafu imeziba njia, na hilo usilichukie kwa kuwa hakuna mwanadamu anayeiamrisha bahari. Asubuhi spika inaita, unavaa matabaka yako, gambuti wanakuazima wao, jaketi okozi juu, unapitisha kadi kwenye mashine ili wajue nani yuko nje ya meli, unashuka ngazi ya ubavuni unaingia kwenye boti ya mpira, Zodiac, mabaharia wawili wamekushika mkono juu ya kiwiko kila mmoja upande wake. Nilipenda sana jinsi walivyokuwa makini. Hata kabla ya kushuka mara ya kwanza nguo zetu zote za nje na mabegi vilipitishiwa mashine ya kufyonza vumbi, mpaka kwenye mishono ya mifuko, isije mbegu ya nyasi ya Ulaya ikaota kule, na gambuti zinasuguliwa kila ukitoka na kila ukirudi.

Nchi kavu waongozaji wanatangulia na bunduki, wanapanda vilima kukagua kama kuna dubu, wakiridhika ndipo nyie mnaitwa. Mnatembea kwa kundi, hakuna kuchomoka peke yako kwenda kupiga picha.

Sasa dubu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tumezoea Ngorongoro, simba kalala kwenye kivuli cha gari lako unamsikia anavyohema. Svalbard si hivyo na haitakiwi iwe hivyo. Sheria inasema kuanzia tarehe 1 Julai mpaka mwisho wa Februari usimsogelee dubu chini ya mita 300, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni ni mita 500. Mita 300 ni mbali jamani! Wa kwanza wetu alitangazwa usiku wa manane, ila jua linawaka kama saa nne asubuhi, watu wote wametoka sitahani na makoti juu ya nguo za kulalia, mume wangu ananiambia "mama Salma tazama pale chini ya ule mstari mweusi, kushoto kidogo," mimi naona mawe tu na theluji, mpaka doa moja la rangi ya krimu likatembea. Kwa darubini ndipo nikamwona vizuri, jike na mtoto wake, anakwenda taratibu ufukweni ananusa, mtoto anabaki nyuma halafu anakimbia kumfikia mama. Hakutujali kabisa. Nilimtazama mpaka mikono ikafa ganzi, na nilifurahi kuwa tulikuwa mbali kiasi kwamba hakubadilisha mwendo wake kwa ajili yetu. Lakini vipeperushi vya kampuni vimejaa sura za dubu zimejaa ukurasa mzima, na hapo nina ugomvi nao, kuna mama mmoja mezani kwetu alikuwa karibu kulia kwa sababu aliahidiwa kitu ambacho sheria hairuhusu. Waambieni watu ukweli kabla hawajalipa. Na nyie mnaokwenda nunueni darubini nzuri, ni muhimu kuliko kamera.

Kilichonimaliza mimi ni ndege. Sikuwahi kuwa mtu wa ndege. Kuna mahali panaitwa Alkefjellet, kwenye mlango wa bahari wa Hinlopen, ni ukuta wa mawe umesimama moja kwa moja kutoka majini kwenda juu mita mia hivi, mawe yamekatika kama nguzo nguzo, na kwenye kila kijisehemu cha jiwe ndege wamepangana bega kwa bega, weusi mgongoni weupe kifuani, inasemekana jozi kama 60,000. Kelele unazisikia kabla hujafika, harufu nayo. Mwongozaji wetu akazima mashine tukawa tunaelea chini ya ukuta, juu yetu anga imejaa mabawa, maji pembeni yamejaa ndege wanaozama na kuibuka na samaki. Sasa sikilizeni hii: kifaranga wa ndege hawa akifikisha kama wiki tatu anaruka kutoka juu kule na bado hajui kupaa. Anajirusha tu! Mabawa hayajatosha, anashuka anapepesuka mpaka majini, na baba yake anashuka naye, halafu wawili hao wanaogelea kwenda bahari kuu, baba ndiye anayemlea huko. Tulimwona mmoja akaangukia kwenye mawe badala ya maji, akainuka, akaanza kukimbia kuelekea baharini na mbweha yuko pale chini anazungukazunguka, boti nzima tukanyamaza, kisha kikafika majini na baba yake alikuwa anakiita. Nililia, nasema kweli. Wengine hawakufika siku ile, mbweha naye ana watoto.

Kwa hiyo chagueni tarehe kwa akili. Mwezi wa sita barafu bado nyingi, pazuri kwa picha lakini njia nyingi zinakuwa zimeziba. Mwishoni mwa mwezi wa saba mpaka mwanzoni mwa wa nane ndio vifaranga wanaruka. Mkienda mwisho wa mwezi wa nane mtakuta ukuta umebaki mtupu.

Barafu yenyewe sijui niieleze vipi. Bråsvellbreen ni ukingo wa barafu kuu ya Austfonna kule kisiwa cha Nordaustlandet, meli inatembea kando yake na ukuta hauishi, ukingo wote unapita kilomita 150, na kiangazi maji yanamwagika kutoka juu yake kuingia baharini, maporomoko kila baada ya hatua. Monacobreen ni tofauti, pale ni ndani ya ghuba, mto wa barafu umeshuka kutoka milimani mpaka majini na umepasuka pasuka una buluu ya ajabu, mwongozaji alitueleza kuwa barafu iliyogandamizwa sana inameza mwanga mwekundu ndiyo maana unaona buluu tu. Boti zinakaa mbali nayo kwa sababu kipande kikikatika kinaleta wimbi. Tulipozima mashine katikati ya vipande nikasikia mlio, tk tk tk tk, kila upande. Ni hewa iliyofungiwa ndani ya barafu enzi na enzi inatoka barafu inapoyeyuka. Mwongozaji akaokota kipande kisafi kama kioo akanipa, nikakiweka karibu na sikio, kinapasuka vidogo vidogo huku maji yananitiririkia ndani ya mkono wa koti. Wala sikujali.

Walarasi tuliwaona mahali panaitwa Poolepynten, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye meno mawili marefu kama pembe. Mnapanga foleni mnasogea kidogo mnasimama, mnasogea tena, kimya, upepo uwe unatoka kwao kuja kwenu. Wananuka sana, wamelaliana, anajikuna huyu mwingine anakasirika.

Ny-Ålesund ni kijiji cha watafiti, zamani kilikuwa cha mgodi wa makaa ya mawe mpaka ajali ya 1962 iliyoua watu 21 na mgodi ukafungwa. Simu mnaambiwa mzime wifi na bluetooth kwa sababu vipimo vyao vinasumbuliwa. Upo bado ule mnara wa chuma ambao wavumbuzi Amundsen na Nobile walifungia chombo chao cha hewa, lile puto refu lenye mashine lililoitwa Norge, mwaka 1926 kabla ya kuvuka ncha ya kaskazini kwenda Alaska.

Longyearbyen msiondoke bila kwenda kuuona mlango wa hazina ya mbegu, ghala la ndani ya mlima linalohifadhi mbegu za mazao ya dunia nzima. Ndani huingii, unaona mlango tu umetokeza mlimani. Lakini nilipiga picha pale kwa sababu ilipofunguliwa 2008 mmoja wa watu walioingiza sanduku la kwanza la mbegu alikuwa Wangari Maathai wetu, akiwa na waziri mkuu wa Norway wa wakati ule. Wazungu niliokuwa nao hawakulijua hilo, nikawaambia.

Visa, hapa wenye pasi za kwetu msikilize vizuri. Svalbard yenyewe haidai visa lakini haimo kwenye Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na ndege inapitia Norway bara, yaani unatoka Schengen halafu unaingia tena. Kama huna kibali cha kuishi kama sisi, omba visa ya kuingia zaidi ya mara moja, usije ukakwama kurudi.

Sala: jua halizami kuanzia Aprili mpaka Agosti, sisi tulifuata saa za Makka na baharia mmoja akatusaidia kupata kibla kwa dira. Chakula tuliandika mapema kwamba hatuli nguruwe na nyama isiyo halali, wakatupikia samaki na mboga kila siku bila kuchoka. Vidonge vya kichefuchefu bebeni, upande wa mashariki meli ililala huku na huku usiku mzima.

Malalamiko yangu mengine: intaneti tulilipia na ilikuwa haifungui hata ujumbe, na chumba chetu kilikuwa tezi, yaani nyuma ya meli, karibu na mashine, mngurumo usiku kucha, walipoulizwa wakasema meli imejaa. Wakati wa kulipia takeni mchoro wa meli, muombe chumba cha katikati na cha chini, kinatikisika kidogo zaidi kuliko vya juu vya bei kubwa, na hela itakayobaki muongezee kwenye darubini.