Kabla Hujanunua Pikapu, Shusha Tairi la Akiba

Pikapu yangu ya kwanza, dabo kabini iliyotoka Uingereza, ilipata pancha saa moja jioni karibu na Mkata, kwenye barabara ya Segera kwenda Chalinze, ikiwa imebeba machungwa ya Muheza yaliyokuwa yakisubiriwa Dar es Salaam alfajiri. Dereva alipitisha fimbo ya chuma kwenye tundu la juu ya bampa na kuzungusha winchi inayoshikilia tairi la akiba chini ya bodi, lakini mnyororo haukushuka hata inchi moja. Nililala kwenye kokoto nikimulika kwa simu, na nilichokiona ni donge la kutu tupu. Tulikaa hapo zaidi ya saa moja na nusu, mpaka utingo wa semi moja alipotuazima msumeno wa chuma tukakata mnyororo. Tairi lilipoanguka, tulikuta rimu imelika mdomoni na upepo umekwisha.

Tangu siku hiyo sishawishiki na habari za nguvu za injini, viti vya ngozi wala ukubwa wa skrini, kwa kuwa mambo hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Ninachokagua kwanza ni winchi hiyo, kwa sababu iko mahali ambapo maji, vumbi na chumvi hufika kabla ya kufika kwingine, na hakuna anayekumbuka kuipaka rangi ili kuificha. Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huila chasi kimyakimya kwa miaka. Winchi ikigoma kuzunguka, shuku chasi nzima.

Chaguo langu la kwanza ni Isuzu D-Max, na sifichi kwamba naipendelea. Niliyonunua ni ya mwaka 2021, ya kizazi kilichoanza 2019, yenye injini ya lita 3.0, na ilitoka Thailand, nchi isiyo na theluji wala barabara za kumwagiwa chumvi. Katika miezi mitatu niliyokaa nayo nimeona kwamba ikiwa tupu hurukaruka nyuma kwenye barabara ya changarawe, lakini ukishaipakia mzigo hutulia kabisa, na hata mlima wenye kona nyingi huupanda bila kuhemea. Kiti cha nyuma kimesimama wima kuliko ninavyopenda, na abiria wangu hulalamika tukipita Chalinze. Mnyororo wa tairi la akiba nimeushusha mara mbili, ukashuka mara zote mbili.

Ya pili ni Toyota Hilux. Ni gari imara, mafundi wake wako kila mji, na tairi la 265/65R17 unalipata hata kwenye miji midogo. Naiweka nyuma ya Isuzu kwa sababu ya bei tu, kwani jina lake limeipandisha kuliko chuma chenyewe. Kuna jambo moja la kuangalia: Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba Hilux ya 2012 ilikuwa ya mzee mmoja wa Osaka anadaiwa maelezo.

Ya tatu ni Ford Ranger, hasa ya kuanzia 2022, ambayo ina kikanyagio kilichojengwa ubavuni nyuma ya magurudumu ya nyuma, na anayefunga turubai peke yake atakishukuru. Hata hivyo, giaboksi yake ya otomatiki yenye gia kumi inahitaji fundi mwenye vifaa, na nje ya miji mikubwa fundi huyo ni wa kutafutwa.

Kwa wenye bajeti ndogo ziko Mitsubishi L200 na Nissan Navara kutoka Uingereza. Navara za kizazi cha zamani kiitwacho D40 zilileta malalamiko makubwa hukohuko Uingereza kwa chasi kuoza hadi kukatika, kwa hiyo usinunue bila kuipandisha juu na kuigonga kwa nyundo.

Kinachonikera zaidi ni yadi zetu. Chini ya magari hupulizwa rangi nyeusi inayong'aa, ambayo kazi yake ni kufunika kutu. Bei inayotangazwa mara nyingi haina usajili wala bima. Tena kanuni za serikali za Machi 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni, lakini bado nimetajiwa dola uso kwa uso. Katika yadi mbili nilipoomba tairi la akiba lishushwe, niliambiwa, "Mama, hilo halijawahi kuguswa, ni jipya," kana kwamba kutoguswa kwa miaka kumi ni sifa ya winchi. Katika yadi ya tatu muuzaji hakubishana. Alimwita kijana wake, akaleta fimbo, na kabla sijamaliza kukunja kitenge changu ili niiname, tairi lilikuwa limelala chini, mnyororo wake ukiwa bado na grisi. Nililipa malipo ya awali jioni hiyohiyo.