Kimbunga kinakuja: makuti au bati?

Tangu kimbunga Hidaya kifike kisiwa cha Mafia Mei 2024, ubishi huu wa kuezeka nyumba hauishi.

Kwa bei, makuti yanashinda: yanasukwa hapohapo kijijini, bati linavushwa kwa boti.

Kwa kuhimili upepo, mambo si mepesi. Bati huanza kung'oka kwenye upenu: upepo huingia chini, bati la pembeni huinuka, mengine hufuata, na linaloruka hukata kama panga. Geji ni kipimo cha unene wa bati: geji 30 huchanika kirahisi kwenye tundu la msumari. Geji 28 ni nene zaidi. Pigilia kila mgongo wa bati kwenye upenu na kwenye kofia (kilele cha paa), kisha funga papi (mbao zinazobeba bati) kwenye kenchi (fremu ya paa) kwa waya. Msumari peke yake hautoshi. Makuti hupeperuka mapema, ila hayakati kama bati. Vuta kamba ya usumba inayofunga makuti kwenye fito: ikitoa unga, badili leo.

Baada ya dhoruba, bati lililobaki hukinga maji ya kunywa. Makuti huezekwa upya, mradi minazi imesimama.

Ukuta wa tofali na fedha ya waya? Bati. Nyumba ya udongo na miti? Makuti yanatosha, lakini usiku wa kimbunga lala kwenye jengo imara, mbali na ufuko.